Wifi wa Njia ya Tano

Sindano ilikuwa bado imesimama hewani. Ndivyo tulivyomwacha Chura wiki jana, msomaji: amekaa mkekani, pindo la gauni la harusi mapajani, mdomo wazi, macho yamemtoka pima, anamtazama bi harusi aliyesimama mlangoni na mkoba begani.

Bi harusi mwenyewe ni Nyigu.

Ndiyo, yuleyule. Nyigu wa njia ya tano, ambaye misimu miwili sasa amekuwa akimwandama Chura bwawani, karibu kiasi kwamba Chura akitoa kichwa kuvuta pumzi, humsikia mwenzake naye akivuta yake.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, au aliyelikuta dukani limeshafungiwa misumari, habari ni fupi. Chura ni bingwa wa kuogelea kwa mtindo wa chura, na jina alilipata hukohuko majini. Kesho ni fainali. Mshindi mmoja tu atapanda ndege kwenda mashindano ya dunia, mahali ambapo Chura, pamoja na medali zake zote zinazoning'inia ukutani, hajawahi kufika. Kwa umri wake, nafasi nyingine haipo.

Na ana siri. Goti la kulia, upande wa ndani, linamuuma kama jino bovu. Hajamwambia kocha, hajamwambia mama. Daktari wa chama akijua, atalifuta jina lake kabla chai haijapoa.

Basi, siri hiyo iko ndani, pindo liko mapajani, na Nyigu yuko mlangoni.

"Wewe!" alisema Chura.

"Wewe!" alijibu Nyigu.

Kati yao alisimama kaka yake Chura, fundi umeme, akitabasamu kama mtu aliyeshika nyaya mbili tupu na bado hajui kama umeme upo.

"Kumbe mnajuana," alisema. "Kazi imepungua."

"Uliniambia mchumba wako ni mwalimu wa chekechea!"

"Ni mwalimu wa chekechea."

"Asubuhi nafundisha watoto," Nyigu alidakia, akivua viatu. "Jioni nakufukuza wewe."

Pembeni, cherehani ya mama haikusimama. Mama yao alikuwa fundi wa kushona, na siku ile tangu alfajiri mguu wake ulikuwa haujatoka kwenye kanyagio. Alikuwa akishona mikono ya gauni, na ngurumo ya cherehani ilikuwa imeingia ndani ya nyumba ile kama mmoja wa familia.

"Ndiyo maana yale mabega," mama alisema bila kuinua uso. "Nilipoletewa vipimo nilidhani huyu kijana kanipimia kabati."

"Shikamoo, mama," alisema Nyigu.

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Usinikanyagie shela."

Chura alimgeukia kaka yake. "Mlikutana wapi nyinyi?"

"Jukwaani. Nilikuja kukushangilia, nikakaa upande wa watu wao kwa bahati mbaya."

"Misimu miwili?"

"Upande ule una kivuli."

Chura akaishusha sindano. Kuna jambo lilikuwa linampanda kichwani polepole. "Hebu ngoja. Kila mashindano nasikia sauti yako inapasuka kule juu: 'Vuta! Vuta!' Mimi najipa moyo, nasema kaka yangu huyo, ananipenda huyo. Kaka, ulikuwa unamwambia nani?"

Fundi umeme alitazama dari, akaanza kukagua waya wa taa kwa makini sana.

"Nilikuwa nawaambia waogeleaji," alisema hatimaye.

Nyigu alijiziba mdomo kwa mkoba.

"Wewe nenda ukumbi wa harusi kafunge taa," mama alimwambia mwanawe. "Keshokutwa tunaoza, hatutaki watu wagongane gizani. Na nyinyi wawili, gauni halina mguu wa kutembea lenyewe. Mwanangu, nguo ni yako, sindano ile pale. Wifi yako kaanzia kushoto. Wewe anzia kulia, mkutane katikati."

Kaka mtu alitoweka kabla hajaulizwa swali lingine.

Hapo ndipo mbio zilipoanza.

Hakuna aliyepuliza filimbi. Nyigu alipiga magoti mkekani, akatia uzi kwenye tundu kwa mara moja tu, akamtupia Chura jicho. Chura akalamba uzi wake. Pindo la gauni lile lilikuwa refu kama ukingo wa bwawa la watoto, na kitambaa chenyewe kiliteleza kama sabuni.

"Unashona kama unavyoogelea," alisema Nyigu baada ya muda. "Mikono mipana, mbele huendi."

"Mipana ndiyo iliyojaza ukuta ule medali. Tazama pale. Zako ziko ngapi?"

"Yangu inakuja kesho. Niachie msumari mmoja."

"Utatundika shela."

"Wifi," Nyigu alisema taratibu, "unaniombea nini wewe?"

"Nakuombea ndoa njema na nafasi ya pili."

Sindano zikaongeza kasi. Walishona huku wameinamisha vichwa, wanavuta pumzi kwa pamoja bila kujua, kama wanavyofanya majini. Mishono ikawa mirefu. Halafu ikawa mirefu zaidi. Nyigu alijichoma kidole, akakifyonza, akaendelea. Chura alijichoma viwili.

Ghafla kivuli kikawafunika. Mama alikuwa amenyoosha mkono kutoka kwenye kiti chake, mguu ungali kwenye kanyagio, akavuta pindo upande huu, akavuta upande ule, akaligeuza kwenye mwanga.

"Huu ni mshono au nyayo za kuku?"

Chura alificha sindano mgongoni.

"Na huu wako, bi harusi? Ukipanda jukwaani watu watadhani umetoka kuruka ua. Fumueni wote."

"Mama, mimi nilikuwa mbele!" alilalamika Chura.

"Ulikuwa mbele ya nini? Fumua."

Mwamuzi wa namna ile, msomaji, huwezi kumkatia rufaa. Walifumua. Waliposhika sindano tena walikwenda polepole, mishono midogo isiyoonekana, na kwa kuwa polepole hairuhusu matusi mazuri, wakajikuta wanazungumza. Nyigu alisimulia habari za watoto wake wa chekechea, jinsi wanavyomwomba aogelee sakafuni ili wacheke. Chura, bila kutaka, alicheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomponza.

"Hivi wewe," mama alisema, cherehani ikinguruma, "siku zote ukishona hapa hukaa kama anavyokaa mwenzio. Leo umejinyoosha kama mgonjwa wa wodini. Tangu lini?"

Chura aliutazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa umelala mkekani, umenyooka kama rula.

Akamtazama Nyigu. Nyigu alikuwa amekaa ule mkao wao, ambao mtu asiyeogelea mtindo wa chura akiujaribu ataitiwa mganga wa mifupa: magoti mbele yamekutana, nyayo zimetoka nje kushoto na kulia, makalio sakafuni katikati ya visigino. Waogeleaji wa mtindo huo hukaa hivyo wakila, wakisubiri mbio, wakisoma magazeti kama hili. Ni kulainisha magoti, kisha inakuwa mazoea. Kumkuta bingwa wao amenyoosha mguu ni kama kumkuta paka amelala chali barabarani. Lazima kuna kitu.

"Nimechoka tu," alisema Chura.

Nyigu alilitazama goti la Chura, akaitazama sindano yake, akashona mishono mitatu mizuri sana.

"Wifi," alisema, "nina kiu. Nioneshe jikoni."

Jiko la nyumba ile lilikuwa chini kidogo. Ukitoka chumba cha kushonea, unapita ukumbi mwembamba wenye marundo ya nyaya za kaka mtu, halafu unashuka vidato vitatu vya saruji. Nyigu alishuka vyote kwa mruko mmoja. Akageuka. Akasubiri, mikono kiunoni.

Chura alijua anachosubiriwa. Alijaribu kushuka kama binadamu. Kidato cha kwanza kikapita. Cha pili, goti likamng'ata, na mwili ukafanya wenyewe ulichozoea kufanya mwezi mzima: ukageuka upande, ukashika ukuta, ukashuka kama kaa.

"La kulia," alisema Nyigu. "Kwa ndani."

"Nyamaza, mama atasikia."

"Na cherehani ile? Hata ukipiga yowe hasikii. Tangu lini?"

Chura alifungua bomba, akajaza kikombe, akampa.

"Sasa umejua," alisema. "Neno moja kwa daktari, na kesho njia ya nne iko tupu. Huna hata haja ya kuvaa miwani. Utaogelea kwa nafasi, unasalimia watu."

Nyigu alikunywa maji yote. Alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Ukimtazama usoni ungedhani anapiga hesabu ya sokoni.

"Unakumbuka msimu niliopotea?" aliuliza.

"Walisema umekwenda kujifungua."

"Nilikwenda kujifungia. Mguu juu ya mto, miezi. Goti, kwa ndani vilevile, ila la kushoto. Unajua kwa nini? Kwa kuwa nilikuwa nimejifunza teke kwa kukutazama wewe."

"Mimi?"

"Nilikuwa na picha yako ukutani, nyie! Magoti umeyapanua kama mlango wa gereji. Nikasema, kama bingwa anapiga hivi, mimi ni nani? Nikapiga hivyo. Likakatika kitu." Aliweka kikombe mezani. "Nikaanza upya. Magoti yasizidi upana wa nyonga, nyayo ndizo zitoke nje. Njoo nikuoneshe."

"Leo? Mtu habadili teke siku moja kabla ya fainali!"

"Basi kesho uogelee kwa teke lako. Utaniongoza mpaka ukuta wa kugeukia. Baada ya hapo utalia ndani ya miwani."

Chura alijua ni kweli, maana wiki ile mazoezini alikuwa ameshalia ndani ya miwani, na kocha akadhani ni dawa ya bwawa.

Lakini, msomaji, jiweke mahali pake. Mtu anayetaka kukunyang'anya taji anakwambia ubadili kitu kilichokupa taji. Unaamini? Huenda ni msaada. Huenda ni sumu ya kistaarabu, ya kukoroga miguu yake ili kesho isijue iende wapi.

"Kwa nini unisaidie?" aliuliza.

Nyigu alicheka. "Sikusaidii wewe, najisaidia mimi. Keshokutwa naolewa nyumba hii. Nitakula na wewe meza moja mpaka tuwe vikongwe. Nikikushinda kesho na goti hilo, kila nikishika kijiko utasema, 'Ah, ilikuwa goti tu.' Mtoto wangu akizaliwa: 'Mama yako alinishinda, ilikuwa goti tu.' Mimi siwezi maisha hayo. Nataka nikushinde mzima, ukose la kusema."

Chura alilitafakari jambo hilo. Alijiona yeye mwenyewe, mzee, kijiko mkononi, anasema maneno hayohayo. Alijijua. Angeyasema kweli.

"Kwenye meza ya kukatia," alisema. "Sakafu ni baridi."

Waliporudi, mama aliwatupia jicho moja, akarudi kwenye mkono wa gauni. Meza ya kukatia nguo ilikuwa upande wa pili wa chumba, nyuma ya gauni, walilolitundika kwanza ili lisikunjike. Nyigu alisogeza mkasi na chaki, Chura akapanda, akalala kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya ukingo kuanzia magotini.

"Piga."

Chura akapiga teke hewani. Magoti yakaruka nje, kila moja na njia yake.

"Mlango wa gereji," alisema Nyigu. "Ngoja."

Alitazama huku na huku, akachomoa mshipi wa satini wa gauni lake mwenyewe, akaupitisha juu kidogo ya magoti ya Chura, akaufunga fundo lenye nafasi kidogo.

"Sasa piga. Ukipanua, mshipi utakukataza."

Chura alipiga. Mshipi ukamkataza. Alipiga tena, mshipi ukalia kidogo, yeye akaguna. Nyigu alishika visigino vyake, akavileta karibu na makalio, akavigeuza nje, akavisukuma nyuma kwa duara fupi.

"Hivi. Usitafute nguvu kwenye paja. Unyayo ndio ushike maji. Shika, sukuma, funga. Tena."

Shika, sukuma, funga. Mara ya kwanza Chura alijiona kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Baadaye kidogo likatokea jambo. Alisimama katikati ya teke, akasikiliza ndani ya goti lake kama mtu anayesikiliza nyumba usiku.

Jino halikuuma.

Alipiga tena, kwa nguvu. Halikuuma.

Alitaka kucheka, na alitaka kulia. Mwezi mzima alikuwa hajapiga teke bila kuuma meno.

"Lakini halina kasi," alisema, uso ukiwa ndani ya mikono. "Nasikia. Likitoka ukutani, halitasukuma kama langu."

"Halitasukuma," Nyigu alikubali. "Kwa leo. Utafika, lakini."

"Wa pili."

"Inawezekana."

"Wewe Nyigu ni mshenzi, lakini husemi uongo."

"Wifi Nyigu," alisahihisha mwenzake. "Shika, sukuma, funga."

Mlango ukafunguliwa.

Fundi umeme, rola la waya begani, alisimama kizingitini. Alichokiona ni hiki: dada yake kalazwa juu ya meza, miguu imefungwa kwa mshipi wa harusi, anarusha mateke, na mchumba wake kamkamata visigino.

"Mama!" alipiga kelele. "Wanauana!"

"Waache," mama alisema, cherehani ikinguruma. "Mradi wasimwage damu kwenye satini."

"Tunazoeana," Nyigu alimwambia. "Nenda kafunge taa."

"Nimeshafunga taa."

"Kazifungue, ufunge tena."

Akaondoka tena, maskini, na rola lake.

Wawili wale walirudi mkekani. Chura alijaribu ule mkao wao wa zamani, polepole, akishusha makalio kati ya visigino kama mtu anayekaa kwenye maji ya moto. Hakufika chini. Alibaki nusu. Hata nusu, hata hivyo, ilikuwa zaidi ya jana.

Walishona. Pindo la kushoto na pindo la kulia yalikuwa yamekaribiana sasa, shibiri moja hivi ya kitambaa kisichoshonwa kati ya sindano mbili. Hakuna aliyeharakisha. Kila mmoja alikuwa anafikiria kesho, na huenda kwa mara ya kwanza kesho zile mbili hazikuwa zinagongana vichwa.

Simu ya Nyigu iliita. Alitazama kioo chake, akainuka. "Nakuja," alisema, akatoka uani, akaufunga mlango nyuma yake.

Chura alishona mishono miwili, akatulia. Kwa nini afunge mlango?

Alijisema moyoni aache ujinga. Mtu ana haki ya simu yake. Alishona mshono wa tatu, ukaenda upogo, akaufumua. Nyigu alirudi, akakaa, akaokota sindano, hakusema aliongea na nani. Chura hakuuliza. Alipenda kumsubiri mtu ajieleze mwenyewe kabla ya kumhukumu, na tabia hiyo ilikuwa imemfaa maishani. Hata hivyo, siku ile ilimpa kazi.

Haikupita kitambo, mlango wa mbele ukabishwa hodi na kufunguliwa papo hapo.

Alikuwa Kocha. Mtu mwembamba, mpole, aliyevaa filimbi shingoni miaka yote bila kuipuliza kwa kuogopa kushtua watu. Leo alikuwa ameshika kofia mpya ya kuogelea ya Chura, na uso wake ulikuwa unang'aa kama aliyepakwa mafuta. Kwa furaha aliyokuwa nayo hakuona lolote zaidi ya Chura. Nyigu, upande wa pili wa gauni, alikuwa amefunikwa na satini mpaka kichwani.

"Mwanangu!" alisema. "Mwanangu, furahi! Daktari wa chama amepigiwa simu. Kaambiwa mmoja wa fainali ya kesho ana goti bovu, anaficha."

Sindano ya Chura ilisimama.

"Nani?" aliuliza, na sauti haikuwa yake.

"Hakutajiwa jina. Lakini nani mwingine? Lazima ni yule Nyigu! Si unakumbuka alivyopotea msimu mzima? Goti lile! Kesho kabla ya mbio, waogeleaji wote mtapanda jukwaani na kushuka ngazi mbele ya daktari, mmoja mmoja, bila kushika ukuta wala reli. Atakayeshindwa kushuka vizuri, anavua kofia. Nyigu kwisha habari yake!"

Satini ikasogea. Kichwa cha Nyigu kikachomoza juu ya gauni, taratibu, kama kinavyochomoza majini.

"Shikamoo, Kocha," alisema.

Kocha alishika filimbi yake kama mtu anayetafuta pa kujishikilia. "Marahaba," alinong'ona. "Mimi... napita tu."

Lakini Chura hakuwa akimtazama Kocha. Alikuwa akimtazama Nyigu, na macho yalikuwa yamejaa.

"Nilikupa maji kwa mkono wangu huu," alisema. "Nikalala mezani kama samaki, unigeuze utakavyo. Kumbe ulitoka uani na kufunga mlango ili uniuze kwa daktari."

"Nilikuwa naongea na kaka yako! Kaniuliza kama bado uko hai!"

"Ukafunga mlango?"

"Kwa sababu alikuwa ananiita majina ya mapenzi, wifi, na mama yuko hapa!"

"Nani mwingine anajua habari ya goti? Mimi na wewe tu!"

Kocha alitazama huyu, akatazama yule, akatazama goti la Chura. Kofia mpya ikamdondoka mkononi.

Nyigu hakupandisha sauti. Aliichomeka sindano yake kwenye kitambaa ili isipotee, akamgeukia Kocha.

"Daktari kapigiwa simu saa ngapi?"

"Asubuhi," alisema Kocha. "Kabla hata sijanywa chai."

"Asubuhi," Nyigu alirudia, akimtazama Chura. "Asubuhi mimi nilikuwa sijakanyaga nyumba hii. Nilikuwa sijui hata kama una magoti."

Chura alihesabu saa kichwani. Ilikuwa kweli. Asubuhi Nyigu alikuwa bado safarini. Asubuhi hapakuwa na vidato vitatu, wala kikombe cha maji, wala mshipi. Asubuhi walikuwa yeye, na gauni, na...

Ndipo aliposikia.

Au tuseme, ndipo alipoacha kusikia. Ile ngurumo iliyokuwa haijakatika tangu alfajiri, iliyopita juu ya matusi na vicheko na mateke ya mezani, ilikuwa imekatika. Chumba kizima kilikuwa kimya kiasi cha kusikia satini ikijikunja.

Wote watatu waligeuka.

Mama alikuwa ameinamia cherehani, anatia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

"Mama?" alisema Chura.

Mama alivuta uzi, akaukata kwa meno, akauweka kando. Hakuwa na haraka.

"Wiki ile nilipokupima suruali ya michezo," alisema, "paja la kulia lilikuwa limepungua. Nikapima tena, nikidhani utepe umevutika. Nikasubiri uniambie. Ukawa unaniambia umechoka." Hakuinua uso. "Alfajiri, kabla sijakaa hapa, nikampigia daktari. Jina sikumtajia. Hilo nimekuachia wewe."

"Mama, ile ni fainali yangu ya mwisho!"

"Na lile ni goti lako la mwisho upande huo."

Kocha aliokota kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Nyigu alilitazama pindo, ile shibiri moja iliyobaki wazi katikati, sindano yake upande mmoja, ya Chura upande mwingine. Kisha akatazama upande wa jikoni, kwenye vidato vitatu vya saruji.

"Vipo vitatu," alisema kwa sauti ndogo. "Vya jukwaani ni vingi zaidi, lakini namna ya kushuka ni ileile." Akampa Chura mkono. "Inuka, wifi, tukajaribu."

Chura aliutazama mkono ule. Mpana, wenye vidole virefu, na kimoja kilichotobolewa na sindano.

Mama alianza kulikunja gauni.

"Pindo liacheni hivyohivyo," alisema. "Mtamalizia kesho."

"Kesho saa ngapi, mama?" Chura aliuliza. "Kesho mimi nina fainali."

"Tutaona," alisema mama. "Ukishashuka ngazi."